Wanne wa Madison

Niliishi Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, miaka ya masomo yangu ya juu, nikisoma na huku nikifundisha Kiswahili. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka 1964, kwa hiyo Mzanzibari si kitu cha ajabu pale. Watu wa nyumbani wakiniuliza nimevuna nini Marekani, hutarajia niwataje maprofesa wa idara yangu, nami huwataja kwa shukrani. Lakini somo lililonikaa zaidi nililipata kwa watu wanne ambao hata siku moja hawakunifundisha darasani: wapiga fidla wawili, mpiga viola mmoja na mpiga selo mmoja, wanaojulikana kwa jina la Pro Arte Quartet.

Fidla tunaijua sote tuliolelewa na taarab. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Selo ni kubwa mno kuwekwa begani, hivyo mpigaji hukaa na kuishika baina ya magoti. Ukizikutanisha fidla mbili, viola na selo unapata kwarteti ya nyuzi, na Wazungu wamekuwa wakiitungia muziki tangu enzi za mtunzi Haydn, karne ya 18. Hakuna mwimbaji, hakuna dumbaki la kushika mapigo, hakuna mtu wa kusimama mbele na kifimbo. Wanne wanakaa nusu duara wakiangaliana, na kila mmoja anapiga noti ambazo mwenzake hanazo. Mmoja akiteleza hakuna wa kumfunika.

Pale Madison wanne hawa ni walimu wa chuo. Wana ofisi, wana wanafunzi wao mmoja mmoja, wanakaa kwenye vikao na kusahihisha mitihani kama walimu wengine. Ila kufanya mazoezi na kupiga pamoja ni sehemu ya kazi wanayolipwa, sawa na mwanahistoria anavyolipwa aende kwenye nyaraka au mkemia abaki maabara. Hilo ndilo lililonishika nilipolielewa vizuri, na limeendelea kunishika mpaka leo.

Mpango huu haukutoka kwenye karatasi ya mkakati wa mtu yeyote. Ulitoka vitani. Kundi lenyewe lilianzishwa Brussels, Ubelgiji, katika miaka ya 1911 na 1912, na vijana waliokuwa wakisoma chuo cha muziki cha mji huo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likapanda haraka. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye mwenyewe alipenda kupiga fidla, akalifanya kuwa kwarteti ya kasri. Mhungaria Béla Bartók aliwatunukia kwarteti yake ya nne, aliyoitunga mwaka 1928. Desemba 1936, mjini Rome, ndio walioipiga kwa mara ya kwanza kwarteti ya kijana wa Kimarekani, Samuel Barber. Sehemu ya katikati ya kazi hiyo baadaye ilipanuliwa kwa ajili ya okestra ya nyuzi na kuitwa Adagio for Strings. Huenda msomaji hajawahi kulisikia jina hilo, lakini karibu kila aliyetazama filamu za Marekani amewahi kuusikia muziki wenyewe, na Wamarekani wameupiga redioni katika misiba yao mikubwa, ukiwemo wa Rais Roosevelt na wa Rais Kennedy. Wa kwanza kuupa sauti walikuwa hawa vijana wa Brussels.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji. Pro Arte walikuwa Madison wakati huo, katikati ya mfululizo wa kwarteti za Beethoven, katika ukumbi wa Wisconsin Union Theater ambao ulikuwa haujatimiza hata mwaka tangu ufunguliwe. Walilala wana nchi, wakaamka hawana. Alphonse Onnou na Laurent Halleux wa fidla na Germain Prévost wa viola hawakuwa na pa kurudi. Mwenzao Robert Maas, mpiga selo, alikuwa amebaki Ulaya na vita vikamfungia huko. Uongozi wa chuo, chini ya rais wake Clarence Dykstra, ukawaambia wabaki. Kabla mwaka haujaisha walikuwa watumishi wa chuo, na nafasi ya Maas imeshikwa na Mwingereza C. Warwick Evans. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa chuo kikuu cha Marekani kuwa na kwarteti yake ya kudumu, na vyuo vingi vimeiga tangu hapo.

Onnou hakuufaidi ukarimu huo. Alifariki mwaka huohuo wa 1940. Prévost, aliyekaa naye nusu duara moja karibu miaka thelathini, alimwendea Igor Stravinsky kumwomba kipande cha kumkumbukia mwenzake, na Stravinsky akatunga Elégie mwaka 1944. Ni muziki wa viola moja peke yake. Nimeusikiliza mara nyingi na bado unanitoa machozi. Ukiusikiliza vizuri utagundua kuwa viola ile moja inapiga sauti mbili, moja ikiuliza na ya pili ikijibu, na zote mbili zimefunikwa, kwa kuwa mtunzi ametaka chombo kiwekewe kizibo cha kupunguza ukali. Mtu aliyezoea kupiga na wenzake watatu anabaki kujibizana na nafsi yake. Sijui maombolezo mengine ya muziki yaliyosema ukweli kwa ufupi kama ule.

Nilipomsimulia hadithi hii rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi, tuliyekuwa tukisoma pamoja, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Kaka, mimi nikisikia kasri ya Ubelgiji sisikii fidla." Sikumbishia, na nisingeweza. Ubelgiji iliyokuwa na malkia mpenda muziki ndiyo iliyokuwa ikiitawala Kongo, na mali iliyopendezesha Brussels haikuwa ya Brussels yote. Nimeliandika hapa kwa sababu anayeisifu kazi nzuri ana deni la kusema pia ilisimama juu ya nini. Rafiki yangu aliendelea kuja nami kwenye matamasha. Alisema wanamuziki hawana hatia ya wafalme wao.

Matamasha yenyewe yalikuwa bure. Wakati wangu yalifanyika katika ukumbi wa Mills, ndani ya jengo la saruji tupu ambalo kwa nje halina urembo wowote, karibu na ziwa. Ulikuwa ukiingia na koti lako zito la baridi, unalikunja magotini, unakaa popote. Kulikuwa na wazee waliokuwa wakija tangu ujana wao, wanafunzi wenye madaftari ya hesabu, mama na watoto wake. Sikuwahi kuulizwa tiketi, wala kadi, wala mimi ni nani.

Nilikuwepo msimu wa 2011 na 2012, kundi lilipotimiza miaka mia. Chuo kingeweza kuandaa karamu, kikapiga picha na kuchapisha kalenda. Badala yake kiliagiza kazi mpya kwa watunzi walio hai, miongoni mwao William Bolcom na John Harbison, na wanne wale wakazipiga kwa mara ya kwanza mbele yetu. Usiku mmoja nilikaa mstari wa mbele, upande wa selo. Kutoka pale unasikia vitu ambavyo kanda haichukui: nywele za uta zikigusa uzi kabla sauti haijatoka, kiti kikilia, karatasi ikigeuzwa kwa haraka ya kidole kimoja. Zaidi ya yote unasikia pumzi. Kabla ya noti ya kwanza, mpiga fidla ya kwanza huvuta pumzi kwa pua, kwa sauti ndogo lakini dhahiri, na wenzake watatu wanaivuta pamoja naye. Kasi ya pumzi ile ndiyo kasi ya muziki unaokuja, na uzito wake ndio uzito wa noti. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kiswahili alikuwa akisomea selo. Alikuwa akipanda Van Hise, jengo la lugha, na sanduku la selo mgongoni, akinisalimu "Shikamoo, mwalimu" hata kabla hajalishusha. Siku moja aliniuliza kama ningependa kuona wanavyofundishwa. Nikaenda. Walikuwa wanafunzi wanne, na mmoja wa walimu wa Pro Arte amekaa nao kwenye chumba kidogo, penseli imechomekwa sikioni.

Walipiga ukurasa mmoja. Kwa masikio yangu ulikuwa mzuri. Mwalimu akawanyamazisha fidla ya kwanza na selo, akawaambia fidla ya pili na viola waupige ukurasa uleule peke yao. Kilichotoka kilikuwa kama uzio uliong'olewa vijiti: mara upo, mara haupo. Wale wawili walikuwa wamejificha nyuma ya wenzao bila kujua. Mwalimu hakukemea. Aliwaeleza kuwa masikio ya watu hukimbilia sauti ya juu, na miguu yao hufuata sauti ya chini, lakini mwendo na rangi ya muziki vinashikwa na hawa wa katikati ambao hakuna anayetoka ukumbini akiwasifu. Wakarudia, wawili tu, mpaka kikakaa. Kisha akawageuza viti, wakapeana migongo wote wanne, wakaanza upya bila kuonana. Mara ya kwanza walisambaratika. Mara ya pili pia. Iliyofuata, yule wa selo alivuta pumzi kwa nguvu, wenzake wakaisikia, wakaingia pamoja. Karibu saa nzima ikaenda kwenye ukurasa mmoja wa muziki.

Nilitoka pale nikimfikiria ami yangu.

Ami alipiga fidla katika kikundi cha taarab Unguja tangu alipokuwa kijana. Mchana alikuwa karani bandarini. Jioni, akishaswali Magharibi, alikwenda klabu na fidla yake ndani ya mfuko wa kitambaa, akarudi usiku wa manane, na alfajiri akaamka kazini. Utotoni mwangu nilikuwa nikimfuata na kukaa kwenye jamvi mlangoni. Alikuwa na namna yake ya kuutelezesha uta kwenye maqam, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kidole kikipita juu ya uzi taratibu mpaka noti inayeyuka kwenye nyingine, na watu wazima walikuwa wakitikisa vichwa kwa utamu. Hakuna aliyewahi kumwambia ndiyo kazi yake. Ilikuwa starehe yake, ilikuwa mapenzi yake, na kwa ofisi ilikuwa usumbufu uliomfanya asinzie mezani.

Nilimpigia simu kutoka Madison nikamweleza habari za wale wanne. Alikuwa keshastaafu, na vidole vimeanza kukakamaa.

"Wanalipwa kwa kupiga tu?" aliuliza.

"Kupiga na kufundisha, ami."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Alikaa kimya kidogo. "Basi Mwenyezi Mungu awazidishie," akasema, na akaniuliza wanapiga maqam gani. Nikamwambia wao hawana maqam, wana mambo yao mengine. Akacheka, akasema niwapelekee salamu hata hivyo.

Ami hakuacha mwanafunzi. Wako vijana waliomwiga kwa kumtazama, lakini mtu wa kukaa naye saa nzima kwenye ukurasa mmoja hakupatikana, kwa sababu ami hakuwa na saa hiyo na kijana hakuwa na nauli ya kuja kila siku. Aliyokuwa akiyajua yamebaki kwenye kanda chache zenye mikwaruzo, nyingine zimeshaharibika. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema kwamba hasara hii ilikuwa na bei, na bei yake ilikuwa mshahara wa karani mmoja.

Tazama upande wa pili nafasi moja ikilindwa na chuo inafanya nini. Mwaka 1944 kiti cha fidla ya kwanza cha Pro Arte kilikaliwa na Rudolf Kolisch, mkimbizi mwingine, mtu wa Vienna, shemeji yake mtunzi Arnold Schoenberg. Kolisch aliumia mkono wa kushoto utotoni, kwa hiyo alijifunza upya kinyume na wengine wote: uta mkono wa kushoto, vidole vya kulia kwenye nyuzi. Huko Ulaya alikuwa ameongoza kundi lililojulikana kwa kupiga kwa kichwa, bila karatasi. Alikaa Madison mpaka 1967. Akafuata Norman Paulu mpaka 1995. Mpiga selo niliyemkuta mimi, Parry Karp, aliingia mwaka 1976. Kwa hiyo nilipokaa mstari wa mbele mwaka 2012, kati yangu na vijana wa Brussels wa kabla ya Vita vya Kwanza palikuwa na mikono michache tu, na kila mmoja ulipokea kazi ukiwa kando ya mikono iliyotangulia. Watu walikufa, walihama, walizeeka. Maas mwenyewe hakurudi tena kukaa na wenzake. Baada ya vita alijiunga na Paganini Quartet na akafariki mwaka 1948. Kundi halikuvunjika kwa sababu viti vilikuwa vya chuo, na chuo kilijua kuwa kiti kikiwa kitupu ni wajibu wake kukijaza.

Wisconsin wana msemo wao wa zamani, tangu siku za rais wa chuo Charles Van Hise mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mipaka ya chuo ni mipaka ya jimbo. Maana yake mkulima wa ng'ombe wa maziwa aliye mbali na Madison ana haki na elimu ya chuo sawa na mwanafunzi aliyelipa ada. Mtu anaweza kuyasikia maneno hayo akadhani ni ya kwenye mabango. Mimi niliyaona yakitendeka. Jumapili mchana kulikuwa na tamasha kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la chuo, likirushwa moja kwa moja na redio ya umma ya jimbo, na Pro Arte walikuwa miongoni mwa waliopiga pale. Aliyekuwa jikoni kwake mwendo wa saa nyingi kutoka mjini aliwasikia sawa na sisi. Kodi yake ndiyo iliyowalipa, na alipata haki yake.

Mtu ataniambia kuwa Marekani ni matajiri. Ni kweli. Lakini mwaka 1940 Wisconsin ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na watu wanne ni watu wanne. Jambo lililohitajika zaidi lilikuwa uamuzi kwamba ustadi wa mikono ni elimu, na kwamba mwenye ustadi huo anastahili kuitwa mwalimu kwa ajili yake. Onnou na wenzake waliajiriwa kwa kile walichokifanya jukwaani.

Sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kulielewa hili. Taarab yetu ilianza kwa kulishwa na kasri: Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, ndiye anayetajwa kuleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka kijana wa hapa kwenda kujifunza Cairo. Kisha wananchi wakaibeba wenyewe kwa vilabu. Ikhwani Safaa imekuwepo tangu 1905, miaka kadhaa kabla ya Pro Arte kuzaliwa Brussels. Kasri za Ubelgiji na za Unguja zote zilipoacha kuwa walezi wa muziki, wenzetu walipata chuo kikuu cha kuwapokea. Sisi tulibaki na moyo wa watu kama ami yangu, wanaotoka kazini wamechoka na kwenda klabu.

Juhudi zipo. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, maarufu kwa jina la DCMA, kilianzishwa Zanzibar mwaka 2001 na kimetoa vijana hodari wa kanuni, udi na fidla, wakiwemo wasichana wengi, jambo ambalo zamani halikuwa rahisi. Lakini kimeendeshwa kwa misaada, na mwaka 2019 kilitangaza hadharani kuwa kingeweza kufunga milango kwa kukosa fedha. Kazi ya namna hii haifai kutegemea huruma ya wafadhili wa mwaka hadi mwaka. Bajeti ya chuo kikuu ndiyo mahali pake, pamoja na mishahara ya walimu wa kemia na sheria.

Kwa hiyo naviomba vyuo vikuu vyetu vya umma, na kwanza Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kwa kuwa ndicho cha nyumbani: tengenezeni nafasi nne za kudumu. Fidla, kanuni, udi na nai. Waiteni mafundi walio hai leo, msiwaulize shahada, wapeni chumba, wanafunzi wawili watatu kila mmoja, na saa za kukaa pamoja kila siku. Waachieni wapige bure mara moja kwa mwezi kwa kila atakayekuja, na redio ya ZBC irushe. Mmoja akistaafu, tangazeni nafasi yake kama mnavyotangaza nyingine. Mafundi hao majina yao mnayajua, na wengine wao wameshapita umri wa miaka sabini.